Pezi Lililopona

Inspekta Fanwell Nsama alikuwa ametumwa kutoka Mansa kwa kesi ambayo askari wa Kashikishi walisema imekwisha. Mwizi yuko mahabusu, walimwambia, kilichobaki ni kuandika tu. Lakini Nsama alizaliwa Kilwa, kisiwa cha ziwa Mweru, katika nyumba ya wavuvi, na kwao kesi ya samaki haikuhesabiwa kuwa imekwisha mpaka samaki mwenyewe aonekane. Kwa hiyo hakuanzia mahabusu. Alianzia kwenye mabwawa.

Mabwawa hayo yalikuwa nyuma ya Nchelenge, kando ya kijito, mali ya ushirika wa wavuvi ulioitwa Twikatane, yaani tushikamane. Aliyempokea alikuwa Felistus, mjane wa makamo ambaye wanachama walimchagua awaongoze. Hakumlilia. Alitangulia mbele kwenye tuta jembamba, akimsimulia walivyoyachimba kwa majembe yao wenyewe, na jinsi mtafiti wa samaki aitwaye Goodson Mwewa alivyokwenda nao ziwani kuchagua perege wazazi, wale wanaokua upesi kuliko wengine. Waliwalea kwa pumba za mahindi na mchwa. Kila mzazi alikatwa pezi la tumboni, upande wa kushoto, ili ajulikane asichanganyike na watoto wake.

Kazi hiyo ilikuwa na shabaha. Mfuko wa Wavuvi wa Luapula ulikuwa umeahidi kwamba ushirika utakaoonyesha perege wazazi waliolelewa vizuri utapewa injini ya boti, nyumba ya barafu na miaka mingine ya utafiti. Kamati ya Mfuko ilikuwa inakuja Alhamisi ya wiki hiyo. Na Jumapili, si iliyopita bali ile ya kabla yake, wakati kijiji kizima kiko ziwani kwenye ubatizo, wazazi wote walichukuliwa.

"Askari walikuja, wakatazama maji, wakaondoka," Felistus alisema, kisha akamwita kwa neno la heshima la Kibemba. "Wewe utatazama nini, mukwai?"

"Ukingo," Nsama alijibu.

Aliuzunguka polepole, amechutama. Mvua ya Machi ilikuwa imefuta nyayo na alama za magurudumu. Lakini alikuwa anatafuta magamba. Anayeiba samaki ili awauze huwarusha nchi kavu wakatapatapa, na magamba hushika kwenye majani kwa siku nyingi, hata mvua ikinyesha. Hapo hapakuwa na hata gamba moja. Kisha akamuuliza Felistus walivyoukuta mlango wa maji siku ile. Felistus akasema maji yalikuwa yamepungua hadi nusu, lakini mlango ulikuwa umezibwa tena kwa udongo, na vifaranga wote walikuwa hai.

Nsama alisimama, akajifuta matope magotini. Mtu huyo alipunguza maji ili wazazi wakusanyike, akawatoa kwa uangalifu, halafu akakumbuka kuziba ili wadogo wasife. Mwenye njaa hazibi. Mfanyabiashara wa samaki wakavu hazibi.

"Mama Felistus, samaki wenu hawakuchomwa," alisema. "Waliondoka hapa wakiwa hai, na aliyewaondoa alitaka wabaki hai."

Felistus akasema kwamba yeye tangu mwanzo hakuamini habari za yule mtu wa ng'ambo, ila hakuna aliyemuuliza.

Mtu wa ng'ambo aliitwa Florent, mchuuzi kutoka Pweto, upande wa Zaire, aliyevuka Mweru kila mwezi na vitenge na sabuni na kurudi na samaki wa moshi. Nsama alimkuta amekaa wima kwenye benchi la mahabusu, shati limefungwa vifungo vyote. Konstebo wa zamu alionyesha kwa ushindi kile alichokiona ni ushahidi wa kwanza: mtu huyu ana majina mawili. Watu wanamwita Florent, lakini kadi yake imeandikwa Kalumba Ngoie.

"Chef, miye naitwa Florent tangu kubatizwa," mchuuzi alisema, akimwita mkuu kwa neno la Kifaransa. "Kule kwetu serikali ilikataza majina ya kizungu, njo karte iko na Kalumba. Mutu ni mumoja tu."

Nsama alijua jambo hilo. Nusu ya wachuuzi wa Pweto walikuwa na majina mawili tangu sheria ile ya kwao, na hakuna aliyeiba kitu kwa ajili hiyo. Aliuliza kuhusu samaki. Konstebo akaleta ushahidi wa pili, nao ulikuwa mzito zaidi: perege wawili wa moshi, wote hawana pezi la kushoto tumboni. Alisema mfanyabiashara mmoja aitwaye Kingsley alikuja kituoni Jumatatu, akaeleza kwamba amewaona kwenye kitunga cha Mzaire huyu. Askari wakaenda naye bandarini, wakavifungua vitunga vitatu, vilivyofunikwa kwa majani ya migomba na kushonwa, na kweli, katikati ya kimoja, chini ya samaki wengine, wakawakuta.

Nsama alimgeukia Florent, akamuuliza vitunga vyake vililala wapi kabla ya kufika bandarini.

"Ku depo ya Kingsley. Bachuuzi bote ba Pweto banawekaka bitunga mule, mpaka mashua ifike."

"Nani alivishona?"

"Miye mwenyewe, siku ya Ijumaa, ku soko, bamama bananiona. Nashonaka na kamba ya muti. Nailoni hapana, inakata majani, moshi inatoka, samaki inaoza." Akaongeza bila kuinua sauti, "Niko mutu wa kazi, chef. Ngambo zote mbili za ziwa banajua bitunga yangu. Kama munanifungula, munifungule pa macho ya batu, vile mulinifunga."

Nsama aliomba aonyeshwe kamba. Konstebo hakuelewa. Kamba zilizokatwa wakati wa kuvifungua vitunga, Nsama alifafanua. Zilikuwa bado zimetupwa kwenye kona pamoja na majani ya migomba. Alizitandaza sakafuni, akazipanga moja baada ya nyingine. Vitunga viwili vilishonwa kwa kamba ya magome ya mti, mshono mmoja mrefu usiokatika. Cha tatu, kile kilichokuwa na perege wale wawili, kilianza kwa kamba ya magome na kumalizika kwa uzi wa nailoni, wa kijani, mpya, wa kutengenezea nyavu. Konstebo alikiri kwamba ni yeye aliyezikata, na kwamba hakuzitazama.

Kutoka hapo Nsama aliwapeleka perege wawili kwa Goodson Mwewa, kwenye tangi lake la utafiti. Goodson alikuwa kijana mwenye miwani, na tangu wizi ule alikuwa halali vizuri. Alidhani kamati itamwona mzembe. Aliwageuza samaki wa moshi chini ya kioo cha kukuzia. Kisha akaingiza wavu mdogo katika tangi akamtoa perege mmoja aliye hai. Huyo alikuwa mgonjwa wakati wenzake wanapelekwa bwawani, kwa hiyo alibaki. Alikatwa pezi siku moja na wao, kabla ya mvua.

"Tazama ukingo wa pezi," alisema.

Tofauti ilionekana hata bila kioo. Pezi la samaki aliye hai lilikuwa limeanza kuota tena. Ukingo wake ulikuwa mnene, wa mviringo, kama kidonda kilichopona. La wale wa moshi lilikatika kwa mstari ulionyooka kama karatasi iliyokatwa na mkasi. Goodson alieleza kwamba mwili uliokufa haufungi kidonda. Wale wawili walikatwa wakiwa wamekufa tayari. Walikuwa perege wa kawaida wa ziwani, walionunuliwa sokoni kama perege wengine wote.

Basi mtu alikuwa ametengeneza ushahidi. Nsama alimuuliza ni nani waliojua alama hiyo. Goodson alitaja wanachama wa Twikatane, kisha wageni waliohudhuria mafunzo yake ya kufuga perege. Wengi wa wageni hao walikuja mara moja wakachoka. Mmoja alikuja hadi mwisho, akauliza maswali mazuri kuliko wote, hasa namna ya kupunguza maji na namna ya kuwabeba samaki bila kuwaumiza. Huyo alikuwa Kingsley.

Duka la Kingsley lilitazama bandari ya Kashikishi. Wachuuzi wa Pweto walikuwa wamekaa barazani, kati ya magunia ya chumvi, wakingoja mashua. Kingsley alimpokea Nsama kwa Kiingereza, akamfungulia soda. Nsama alimjibu kwa Kiswahili, kwa sababu ndiyo lugha waliyoifahamu wale waliokaa barazani, na mwenzao ndiye aliyeshtakiwa.

Kingsley hakuwa mtu wa kujificha. Alipoulizwa habari za biashara alieleza kwa furaha kwamba naye ameomba msaada wa Mfuko, kwamba amechimba mabwawa ya kisasa kwenye shamba lake la Mantapala, yenye kuta za saruji, na kwamba Alhamisi kamati itafika kwake pia. Alisema wiki iliyopita alikaa Mantapala tangu Jumatano hadi Jumapili, akiwasimamia mafundi mwenyewe, hakuonja hata samaki wa Kashikishi.

"Ule samaki bila pezi," Nsama aliuliza, "uliona siku gani?"

"Jumatatu. Nilipita ku port, nikaona ndani ya kitunga."

"Kitunga kilikuwa kimeshonwa tangu Ijumaa. Askari alikata kamba mbele yako."

Kingsley aliiweka chupa mezani. Alisema labda amechanganya siku. Huenda aliona Ijumaa, sokoni, kabla Mzaire hajashona.

"Ijumaa ulikuwa Mantapala. Umesema sasa hivi, na batu hawa bamesikia."

Nsama hakumbana zaidi. Aliomba kuona uzi wa nailoni anaouza, na Kingsley akaonyesha rafu. Ulikuwa wa kijani. Aliomba kuona ua wa nyuma. Huko lori lilikuwa limesimama, na kando yake mapipa ya mafuta ya taa, yamesuguliwa kwa mchanga na jivu mpaka harufu ikaisha. Nsama aliingiza mkono ndani ya moja, akatoa jani dogo la kijani lililokaukia ubavuni, jani la majini linaloelea kwenye mabwawa. Kingsley akasema mapipa hayo yalibeba maji ya saruji. Nsama akasema inawezekana, akachukua funguo za lori, akamwacha konstebo alilinde.

Jumatano asubuhi, jua likiwa limeshachomoza, Landrova ya polisi ilielekea Mantapala, lori la Kingsley likifuata na mapipa yake. Nsama alikaa mbele, nyuma walikuwa Felistus, Goodson na Kingsley. Bwawa la Mantapala lilikuwa zuri kweli, na Felistus alikuwa wa kwanza kulisema hilo. Maji yalikuwa safi kiasi cha kuonyesha chini, na chini kulikuwa na mashimo ya mviringo, mapana kama sinia, yamepangana mchangani. Goodson aliyaona akasimama ghafla. Alishika upande mmoja wa wavu, Felistus akashika mwingine, wakaingia majini wakavuta.

Perege wa kwanza aliyegeuzwa hakuwa na pezi la kushoto. Ukingo wake ulikuwa mnene, umepona. Kingsley alisema perege wa ziwani huumwa na samaki wakali, kila mvuvi anajua. Wa pili alikuwa vivyo hivyo. Wa tatu na wa nne pia.

"Ni samaki gani huyo," Nsama aliuliza, "anayeuma upande wa kushoto tu?"

Felistus alikuwa ameshika jike mkubwa, amemweka ndani ya maji kwenye viganja vyake ili asiumie. Jike alifungua mdomo. Mayai yakamwagika mikononi mwa Felistus, ya njano, kama punje za mtama. Perege huyabeba mayai mdomoni mpaka yaanguliwe. Felistus alijua hilo, aliliona mara nyingi kwenye mabwawa yao. Lakini huyu alikuwa ametaga hapa, katika maji mageni, baada ya safari ya lori. Goodson alivua miwani, akaifuta kwa shati lililolowa, akaivaa tena. Akasema, kwa sauti ya mtu anayejizuia, kwamba mashimo yale mchangani ni viota, na kwamba jambo ambalo yeye hakuthubutu kulijaribu mwaka mzima, kuwahamisha wazazi, limekwisha kufanyika.

Hapo Kingsley alikubali. Alisema hakuwa na nia ya kuwaua. Alihitaji wazazi wa kuonyesha kwa kamati. Alidhani angepata msaada kwanza, kisha angewarudisha kwa namna fulani. Alisema Twikatane ni watu wa majembe, yeye ana saruji, ana lori, angeweza kufanya makubwa zaidi. Kuhusu Florent alisema tu kwamba Wazaire huja na kuondoka, kesi yao husahaulika.

Felistus alimsikiliza akiwa bado ndani ya maji. Alikuwa anamrudisha yule jike taratibu, pamoja na mayai aliyoweza kuyaokoa.

"Ungekuja kuomba tungekupa watoto wao," alimwambia. "Ndiyo kazi tuliyoianza. Tulitaka kila bwawa la Nchelenge lijae. Hata lako."

Nsama alimfunga Kingsley pingu, na kazi ya kuwabeba samaki ikaanza, kwa mapipa yaleyale na lori lilelile, maji yakibadilishwa kila walipovuka kijito.

Mchana wa siku hiyo Nsama alimtoa Florent mahabusu. Angeweza kumfungulia mlango tu, na konstebo alipendekeza hivyo. Badala yake alitembea naye kwa miguu hadi sokoni Kashikishi, katikati ya meza za chisense, dagaa wa ziwa hilo, na moshi wa majiko ya kukaushia, mahali palepale alipovutwa kwa ukosi siku ya Jumatatu. Alisimama hapo akasema kwa Kibemba, kisha kwa Kiswahili, kwamba mtu huyu, Florent, ambaye kadi yake ni Kalumba Ngoie, hakuiba kitu cha mtu yeyote. Kwamba polisi walikosea. Kwamba aliyeiba amekamatwa. Akamwagiza konstebo naye aseme hivyo hivyo. Konstebo alisema, na ingawa sauti yake ilikuwa ndogo, alimaliza.

Mwanamke mmoja wa soko alileta majani mapya ya migomba, mwingine kamba ya magome. Florent alikaa chini, mbele ya watu wote, akaanza kushona kitunga chake cha tatu upya, kwa mshono mmoja mrefu. Watu walisimama kumwangalia mpaka alipofunga fundo la mwisho, naye hakuharakisha.

"Aksanti, chef," alimwambia Nsama alipoinuka. "Sasa nitavuka nikiwa mutu."

Kamati ilifika Alhamisi kama ilivyopangwa. Nsama alikuwa ameshaandika taarifa yake na angeweza kurudi Mansa, lakini alibaki. Alijiambia ni kwa sababu kamati huenda ikahitaji maelezo ya polisi. Ukweli ni kwamba alitaka kuona.

Wanachama wa Twikatane walisimama juu ya matuta waliyoyachimba, wanaume na wanawake, wamevaa nguo za kanisani. Mwenyekiti wa kamati, mtu mnene mwenye upole kutoka Lusaka, aliyatazama mabwawa, akamsikiliza Goodson, akaomba kusikia habari ya wizi, na Nsama akaisimulia kwa ufupi. Mwenyekiti alitikisa kichwa kwa huzuni. Alisema amevutiwa sana. Lakini samaki walioibwa, wakasafirishwa ovyo, wakarudishwa jana tu, hawawezi kuhesabiwa kuwa jaribio lililokamilika. Ingefaa kusubiri. Mwaka ujao, kukiwa na uzio na mlinzi, kamati ingerudi kutazama upya.

Goodson alifungua mdomo kujibu, lakini Felistus alikuwa amesogea mbele. Alizungumza Kibemba, polepole, kama mtu anayejua kwamba atasikilizwa.

"Mukwai mwenyekiti, katika barua yenu mliuliza kama perege hawa wanaweza kutolewa hapa, wakapelekwa kijiji kingine, wakazaa huko. Bwana Mwewa aliogopa kujaribu, na mimi niliogopa pamoja naye. Hatukuwa na wazazi wengine. Sasa mwizi ametujaribia. Aliwabeba kwa mapipa, kwa lori, barabara mbaya kama mnavyoijua, akawatia katika maji wasiyoyajua, na huko walichimba viota na kutaga. Mimi mwenyewe nimeyashika mayai. Jana wamerudi kwa mapipa yaleyale, na leo asubuhi wamekula. Sisi tumewalea, wao wamevumilia. Kazi yetu imekwisha. Jaribio lililobaki ni lenu."

Alipomaliza hakurudi nyuma. Alibaki amesimama palepale, mikono imeshikana mbele, na watu wa Twikatane nyuma yake walikuwa wima kama yeye. Nsama, ambaye alikulia akiona wavuvi wa Kilwa wakivua kofia mbele ya kila mgeni aliyeshuka kwenye boti ya serikali, alijikuta naye amenyoosha mgongo.

Mwenyekiti alimtazama Goodson, na Goodson alikuwa anamtazama Felistus. Bwawani perege walikuwa wamekusanyika kwenye kivuli cha matete, wakila pumba. Mwenyekiti aliwaangalia kwa muda mrefu kuliko alivyowaangalia mwanzo. Kisha akaziviringisha karatasi zake, akaziweka mfukoni, akauliza nyumba ya barafu wanataka ijengwe wapi.

Felistus alitangulia kwenda kumwonyesha.